Waliyosema Watu kuhusu Ukimya Wako

Mwanahamisi, mke wangu,

Siku ile mjukuu wetu Tatu alipotuvusha kutoka kisiwani, ukiwa umekaa kwenye mtumbwi na kandambili zako mapajani, ulinigeukia ukasema, "Hiyo filamu ikionyeshwa mimi siendi kukaa gizani na watoto wa watu. Utakwenda wewe, Mwalimu. Ukirudi uniambie walichosema, na usinipambie." Nikakuahidi. Hukungoja. Filamu ilikamilika ukiwa umeshalala kwenu Handeni, kando ya mama yako, nami nimebaki hapa Kilole na ahadi nisiyojua niipeleke wapi.

Nimeona niilete kwenye karatasi. Miguu imevimba, na kutoka kitandani hadi mlangoni lazima nipumzike katikati. Juzi daktari alimwita Rehema pembeni, na binti yetu aliporudi chumbani alianza kunipangia mito bila kunitazama usoni. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote. Mtoto anayeficha matokeo namjua kwa anavyosimama tu. Nilimwomba kalamu.

Basi nitakueleza maneno ya watu kama yalivyo. Katikati yake limo la kwangu, ambalo niliwaambia watu baki kabla sijakwambia wewe, na hilo ndilo linalonifanya niharakishe.

Uliiacha filamu ikiwa vipande vipande, kwa hiyo nikueleze ilivyokuja kuwa. Mjukuu wetu ameiita *Mwenye Kisiwa*. Ni habari ya bibi anayekataa kuhama kwenye kisiwa cha mto maji yanapopanda. Wanawe wamekwisha kuhamia mjini, wanakuja na mtumbwi kumchukua, anawatazama, wanarudi bila yeye. Hakuna zaidi. Picha zote ni nyeusi na nyeupe, na bibi hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho. Unakumbuka ulivyomcheka Tatu alipokwambia hivyo? "Sasa mimi umenichagua kwa nini, mjukuu wangu? Kilole nzima inajua sinyamazi hata usingizini." Naye akakujibu, "Ndiyo maana, bibi. Mtu mkimya akinyamaza hakuna habari. Ukinyamaza wewe, watu watajua kuna jambo." Ulifurahi ukaficha. Nilikuona.

Kamera ikisimama ulikuwa unaongea. Uliongea na wapiga makasia, na kuku, na mawingu. Lakini upepo uliiharibu sauti yote ya kisiwani, Tatu akaifuta, akaja baadaye peke yake kurekodi maji na ndege akaviweka mahali pake. Kitu kimoja tu kilipona. Kuna mahali unakohoa. Upepo ulikuwa umetulia kidogo, ukakohoa, basi kikohozi kile kimebaki. Kila nilipoitazama filamu nilikaa nakingoja kama mtu anayengoja gari la mwisho.

Onyesho la kwanza lilikuwa hapa Korogwe, kwenye kibanda cha video karibu na stendi, mchana wa Jumamosi. Magunia madirishani, mabenchi, joto. Pale mbele kwenye kiti cha plastiki anakaa yule wanayemwita Dijei Sumaku, ambaye kazi yake ni kutafsiri filamu za kigeni kwa maiki huku zinaendelea. Wewe ulikuwa ukimsikia ukitoka sokoni, unasema mtu yule amezaliwa kupiga kampeni. Tatu alimwomba siku hiyo apumzike, kwa sababu filamu ni ya nyumbani na haina neno la kutafsiri. Sumaku akakubali, lakini kiti hakukiacha.

Picha ilipowaka, kelele zikaanza kabla hujatokea. "Rangi imekatika!" "Mwenye kibanda, gusa waya!" Mwenye kibanda akapanda kwenye benchi akautikisa waya nyuma ya televisheni, na kila alipoutikisa mto Pangani ukapotea, ukarudi uleule, mweusi na mweupe. Tatu akasimama akawaambia ameitengeneza hivyo kwa makusudi. Mtu mmoja akamuuliza kwa upole kabisa, "Dada, yaani rangi ilikuwepo, ukaitoa mwenyewe?"

Halafu kikaonekana kisiwa, na benchi la nyuma likapiga kelele, "Kile si kisiwa! Kiangazi tunavuka kwa miguu. Baba mdogo analima mpunga pale!" Watu wakaanza kubishana juu ya shamba la baba mdogo, kama limeingizwa kwenye filamu bila ruhusa.

Kisha ukatokea wewe. Nilikuwa sijakuona tangu nilipokufunika. Ulitoka mlangoni umebeba beseni, ukamwaga maji, ukanyoosha mgongo na kushika kiuno kama unavyofanya, na mimi nikasahau niko wapi. Nilitaka kusema, "Hapo maji yatakurudia miguuni." Nilikuwa tayari kusema.

Ilipofika ile sehemu ndefu, unapokaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kanga kichwani, ukitazama maji, na kamera ikakutazama wewe tu hadi mtu ajiulize kama mashine imekwama, Sumaku alishindwa. Usimlaumu. Kwake yeye kibanda kikinyamaza ni kama jiko limezimika na wageni wako mezani. Akashika maiki. "Ndugu watazamaji, bibi huyu msimuone hivi. Ni komando mstaafu. Anawasubiri adui zake wavuke mto. Kinu alichokalia kina bunduki ndani yake."

Kibanda kikafufuka. Walipiga makofi, wakakushangilia. "Wamalize, bibi!"

Nikasimama mbele ya televisheni. Tatu anasema kichwa changu kilikufunika hadi magotini. Nikawaambia wanyamaze. Nikawaambia kwamba ukimya nao una maana yake, kwamba msanii anapoondoa rangi na maneno anatupa nafasi ya kuona kwa macho yetu wenyewe, na mengine mengi ya aina hiyo, kwa sauti ile ya darasani ambayo wewe uliiita sauti ya paredi. Walinyamaza. Wengine niliwafundisha, wengine niliwafundisha baba zao. "Sawa, Mwalimu. Samahani, Mwalimu." Sumaku aliizima maiki akaiweka chini ya kiti. Wakaitazama filamu iliyobaki kama watu wanaosimamiwa mtihani, na kila mlango ulipofunguka mmoja alikuwa anatoka.

Mwishoni Tatu aliwaomba maoni. Hukutaka nikupambie, basi pokea. Walisema ni ndefu. Walisema haina mapigano, haina harusi, haina hata mgonjwa. Mmoja alisema imemkumbusha nyumbani kwa bibi yake kule Magoma, saa za mchana watu wakiwa shambani, nyumba ikiwa na kuku tu, na kwamba alikuwa hajui kama kitu kama kile kinaweza kupigwa picha. Mwingine alisema bibi anaigiza vizuri ila anaringa. Sumaku, ambaye nilimwaibisha mbele ya wateja wake, alisema, "Filamu nzuri. Shida ni moja, bibi haongei." Wengi wakaitikia. Bibi haongei. Walilirudia hilo hadi barabarani.

Mwanamke mmoja anayeuza kanga pale stendi ndiye aliyenimaliza, na hakuwa na nia mbaya. Alinijia akaniamkia, akaniuliza, "Mwalimu, ile kanga ya mama nimeipenda maua yake. Ilikuwa ya rangi gani?"

Nikamjibu papo hapo, "Nyekundu."

Nilipofika nyumbani nikamwambia Rehema afungue sanduku lako. Kanga ilikuwa ya kijani. Kijani cha majani ya mgomba. Niliinunua mimi, nikaiona miaka yote ile ikienda na kurudi uani, nikamwambia yule mama kwamba ni nyekundu, kwa uhakika kabisa, kama ninayesoma ubaoni.

Nililala mchana ule nikajaribu kukukumbuka. Ulikuja. Ulikuja mweusi na mweupe. Nikajaribu siku uliyokuja kwetu kambini, kule kwenye mkonge ambako babu zangu walifuata kazi wakabaki, na wewe umeletwa kutoka Handeni na shangazi zako wanaocheka. Nayo ikaja bila rangi. Nikajaribu kukusikia ukiniita nikale. Maneno niliyapata. Nilijua kabisa ulichokuwa ukisema. Lakini sauti iliyoyasema ndani ya kichwa changu ilikuwa yangu mwenyewe.

Hili ndilo neno langu, Mwanahamisi. Sauti yako imenitoka. Mwanzoni nilifikiri imejificha tu, nikitulia itarudi. Nilikaa barazani, nikakaa jikoni kwenye kigoda chako. Simu haikunisaidia. Wewe ukiwa na neno ulikuwa unapiga tu, na ujumbe wa sauti hukuacha hata mmoja; ulisema huwezi kuongea na kitu kisichokujibu. Uso wako ninao, Tatu ameuweka vizuri kuliko mpiga picha yeyote, na ninavyozidi kuutazama ndivyo unavyozidi kunyamaza hata kule ulikokuwa unaongea. Na bado nilikuwa namwomba Tatu kila siku aniwekee filamu kwenye kompyuta yake. Mtu mwenye kiu atakunywa tu.

Niliogopa kitu kimoja. Kwamba nitakufa nikiwa nimebaki na bibi wa kwenye filamu, na Mwanahamisi wangu nimempoteza njiani.

Huku mimi nikiwa hivyo, Tatu naye alikuwa na lake. Mtu wa televisheni moja huko Dar aliitazama filamu akamwambia wataichukua iwapo bibi atapewa sauti. Mwigizaji asome mawazo ya bibi juu ya zile picha za kimya. Tatu akaniletea jaribio. Nilisikia binti mwenye sauti laini ya redioni akisema kutoka kwenye mdomo wako uliofungwa, "Nimebaki mimi na mawimbi, na mawimbi hayajui jina langu."

Nikamwambia azime. Nikamwambia bibi yake hajawahi kusema neno kama hilo, na mto Pangani hauna mawimbi.

"Babu, mume wangu," akaniambia, maana bado ananitania hivyo hata sasa, "mimi naitaka filamu ibaki ilivyo kuliko wewe. Lakini Korogwe umeona. Walikaa kimya kwa kukuogopa. Kila mtu anasema bibi haongei. Nimtengenezee nani?" Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. Tukakubaliana tuipeleke Handeni, kwenu, kwa watu wanaokujua. Nao wakisema bibi anahitaji sauti, atamruhusu yule binti, na mimi sitasema neno.

Rehema hakutaka niende. Alisema barabara itanimaliza. Tatu alikodi gari, wakanilaza kiti cha nyuma na mito, na mimi nikatazama miti ikipita dirishani nikifikiria hoja zangu. Nilizipanga kama ninayekwenda kwenye mdahalo. Picha isiyo na rangi. Thamani ya kutosema. Niliona aibu baadaye, lakini wakati ule niliziona nzuri sana.

Walitundika shuka kwenye ukumbi wa shule, alasiri, wakaziba madirisha kwa mablanketi. Walikuja wengi. Walikuja wanawake wa rika lako wote waliobaki, wamekaa mbele kwenye mikeka, na katikati yao mwenzako Bi Asha, ambaye mlichezwa ngoma ya unyago pamoja. Haoni vizuri tena. Alimwambia mjukuu wake amkalishe karibu kabisa na shuka "nimpate Mwanahamisi."

Ulipotoka na beseni wakapiga vigelegele. Wakakuamkia, Mwanahamisi. Wakakuuliza habari za Korogwe. Ulipopita bila kujibu wakacheka. Lakini ulipozidi kunyamaza, na wanao wakaja na mtumbwi ukawatazama tu, mikeka ikaanza kunong'ona.

"Ana nini huyu?"

"Mwanahamisi huyu huyu? Amerogwa?"

"Hee, mwe! Mwanahamisi angekuwa keshagombana na ule mto, na mto ungehama."

Ukumbi mzima ukacheka, na wakati wa maoni ikawa ni lilelile. Mzee mmoja alisema filamu ni ndefu ila inamheshimu mtu mzima, haimkimbizi. Fundi mmoja wa seremala alisema kivuli cha mlango kimemkaa machoni na angependa kukiona tena. Lakini wengine wote wakarudi palepale: bibi mbona haongei? Tatu akanitazama. Nilimwona anaipokea hukumu yake.

Nikasimama na hoja zangu. Nilikuwa nimeshika nguzo kwa mkono mmoja, na maiki ya maoni kwa mwingine. Nikaanza, "Ndugu zangu, msanii anaponyamaza," nikaenda nayo, nikafika kwenye thamani ya kutosema, na pumzi zikaanza kunipungukia. Nilipotua ili nivute hewa, dereva wa bodaboda mmoja aliyesimama mlangoni akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mzee, si useme tu umemmisi bibi!"

Walicheka hadi watoto wakacheka. Mtu akamkemea, "Mshenzi wewe, huyo ni mkwe wetu!" Mimi nikabaki nimeshika nguzo. Nikasema, "Ndiyo."

Wakaacha kucheka.

Nikasema, "Ndiyo, nimemmisi. Na nimewadanganya. Nimesimama hapa kuutetea ukimya wake, na hakuna mtu anayeuchukia kuliko mimi. Nimekaa na mwanamke huyu tangu nikiwa na meno yote, na sasa sauti yake siikumbuki. Nikimkumbuka anafungua mdomo tu. Ninyi mnasema bibi haongei. Haongei hata kwangu."

Hayo ndiyo niliyowaambia watu baki kabla yako. Niliyasema kwa maiki, Mwanahamisi, mbele ya wakwe zangu. Nisamehe au nicheke, vyovyote utakavyoona.

Kisha Bi Asha, bila kugeuka, akasema, "Tatu, rudisha pale alipokaa juu ya kinu. Mwalimu, shika hiyo maiki. Aliyesikia maneno ya Mwanahamisi kuliko sisi ni wewe. Yaseme."

Nikakataa. Wakaniletea kiti. Tatu akarudisha, na ukawa umekaa tena pale, unatazama maji. Nikaanza kama ninavyojua kuanza. "Nautazama mto huu," nikasema, "uliowalea watoto wangu..."

"Ah! Hiyo ya kitabuni!"

"Mwanahamisi hasemi hivyo, Mwalimu, usitupige somo!"

Nilikuwa karibu kuiweka maiki chini. Ndipo pale shukani ukajipiga kofi kwenye mguu. Mbu. Nilikuwa nimekiona kile kibao mara nyingi na sikuwahi kukitilia maanani, na sasa mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "We Mwalimu, umesimama hapo kama nguzo ya umeme, mimi mbu wananimaliza. Hao watu wa picha wamekula? Maharage yale nimeyaacha motoni, yakiungua msinitazame mimi. Nimeambiwa nisiseme, basi sisemi. Nani anasema? Mimi sisemi."

Ukumbi ukapasuka. Wanawake wakapiga mapaja. "Ndiye! Ndiye huyo!" Nikaendelea. Nikasema habari za suruali yangu uliyoitia kiraka nikaenda nayo kwa mkaguzi. Nikasema ulichokuwa ukisema juu ya viazi vya Korogwe. Nikiri mengine hukuyasema wewe, niliyatunga, na kila nilipotunga walijua wakanizomea, "Hilo lako, Mwalimu!" na nilipopatia wakaitikia. Hawakukosea hata mara moja. Kisha hawakungoja tena. Mmoja akakujibu kutoka kwenye mkeka, mwingine akasema uliyomwambia siku ya msiba wa mumewe, mwingine akaligeuza kwa Kizigua maana Kiswahili kililipunguzia chumvi, na wewe umekaa tu juu ya kinu unatazama maji, huku maneno yako yanakujia kutoka pande zote za ukumbi.

Ukakohoa.

Na Bi Asha, asiyeona vizuri, aliposikia kikohozi akainua kichwa na kusema, "Hee! Funika kifua, mwenzangu."

Sauti ilikuwa yako. Sijui nikueleze vipi. Mlikulia kitongoji kimoja, mkateka maji kisima kimoja, mkafundishwa kusema na bibi walewale. Ile "hee" inayoanzia chini na kupanda, na "mwenzangu" inayomalizwa taratibu kama mtu anayeweka mtungi chini. Ndivyo ulivyoniambia mimi, kila kiangazi vumbi linapoanza, funika kifua. Nikakusikia. Nilipolala kwenye gari tukirudi ukaendelea kuniambia mambo, na ulikuwa umevaa kijani.

Mambo yaliyotokea baadaye ni machache. Tatu alimpigia yule mtu wa televisheni akamwambia bibi hatapewa sauti ya mtu mwingine. Wamekataa filamu, kama tulivyojua. Tatu alilia siku moja, ya pili akaanza kupanga onyesho la Magoma. Anataka kila anapokwenda, filamu ikifika pale kwenye kinu, aweke maiki mbele, na mwanamke mzima yeyote anayetaka aseme anachodhani bibi anasema. Sumaku amesikia habari hiyo. Alikuja kuniona na machungwa, akaniomba radhi kwa lile la ukomando, nikamwomba na mimi radhi kwa lile la paredi. Aliniuliza kama anaweza kumfuata Tatu na spika zake. Anasema katika kazi hii yote hajawahi kusikia watu wakitafsiri wenyewe.

Tatu aliniomba nirekodi maneno yako, yabaki. Nilikataa. Nikirekodi yatakuwa yaleyale siku zote, na wewe hukuwahi kusema jambo mara mbili kwa namna moja. Waache wanawake wa Magoma wakuzungumzishe wanavyoona. Utawasikia. Wakikosea utajua la kufanya.

Nami nakuahidi sitaitazama tena filamu hiyo. Jana Tatu aliniuliza kama aniwekee, nikamwambia hapana, akashangaa. Uso wako umefanya kazi yake. Muda mdogo huu niliobakiza nataka niutumie kukusikiliza, na ukinyamaza namtuma Rehema ampigie Bi Asha simu, naye kwa hiari yake anaanza tu kunisema kwa kutokula.

Mkono unachoka. Rehema amekwisha kuchungulia mlangoni, na safari hii amenitazama usoni, nadhani ameona mimi siogopi. Nikifika huko sitakuja na hoja yoyote. Nitafute, maana macho yangu si mazuri, na usingoje nikuone. Niite tu.

Lipo moja nililisahau. Jana hiyohiyo Tatu aliniambia, "Babu, nimekusanya maoni ya kila mtu, wewe hujanipa lako. Kama mtazamaji tu, si kama mume wa bibi." Nikafikiri sana. Korogwe walisema ni ndefu, Handeni walisema ni ndefu, yule wa televisheni alisema ni ndefu mno.

Nikamwambia ni fupi.

Mumeo,
Mwalimu
Kilole, Korogwe